Roma kwa miguu: kutafuta hoteli ya familia inayoshika Sabato

Jumatatu

Treni ya Leonardo Express inatoka uwanja wa Fiumicino hadi kituo cha Termini kwa dakika 32 bila kusimama popote, na muda wote huo nilikuwa nikisoma upya barua pepe ya mama wa familia. Wanaishi Golders Green, kaskazini-magharibi mwa London. Ni Wayahudi wanaoshika dini yao sawasawa: baba, mama, bibi wa miaka 82, na watoto watano, mkubwa ana miaka 14 na kitindamimba bado yuko kwenye kigari. Wanakuja Roma mwezi Juni. Bosi wangu wa wakala wa safari alinipa agizo la mstari mmoja: nyota tano, katikati ya mji. Mama wa familia alinipa kurasa mbili, na hizo kurasa mbili ndizo zilizonipandisha ndege.

Mimi ni Mpare wa Same, nimelelewa nyumba ya Wasabato. Waadventista waliingia Upare mwaka 1903, na kwetu Ijumaa jioni kila mtu anajua jua limefika wapi: kuni zimeshapasuliwa, maji yameshatekwa, chakula cha kesho kimeshaiva. Kwa hiyo mama wa watu akiniandikia "kabla jua halijazama", hahitaji kunieleza zaidi. Ila wao wanakwenda mbali kuliko sisi. Kuwasha moto siku ya Sabato ni marufuku katika Torati, na marabi wao wameweka umeme humo humo. Kubonyeza kitufe cha lifti hapana. Kufungua mlango kwa kadi hapana. Kupita kwenye ukumbi ambao taa zinajiwasha zenyewe zikimhisi mtu, hapana. Sasa fikiria hoteli ya kifahari ya leo, ambako kila kitu kinajiwasha chenyewe na wenye hoteli wanajivunia hivyo.

Nimelala hoteli ya kawaida jirani na Termini. Kesho kazi inaanza.

Jumanne

Nimeanza Via Veneto, mtaa wa hoteli kubwa za zamani. Meneja wa mauzo alinipokea vizuri sana, akanipandisha moja kwa moja ghorofa ya juu kabisa kunionyesha vyumba vyenye baraza na mandhari ya paa za Roma. Nikamwomba ghorofa ya kwanza. Akafikiri sijamsikia, akanieleza tena kuhusu mandhari. Nikamweleza polepole: kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku familia hii haitapanda lifti, na bibi ana magoti mabaya. Kila ngazi ninayompunguzia bibi ina thamani kuliko baraza.

Zipo lifti za Sabato, zinazojiendesha zenyewe na kusimama kila ghorofa bila mtu kubonyeza kitu. Hoteli nyingi za Yerusalemu wanazo. Hapa Roma sikuitegemea, nikauliza ngazi. Meneja akasema ngazi zipo, nzuri, za marumaru. Zipo kweli, lakini zinaishia ukumbi wa mikutano. Za kufika vyumbani ni zile za dharura, nyuma ya mlango wa chuma.

Hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja akisukuma toroli la mashuka, nikamsikia anaongea na simu kwa Kiswahili cha Kongo. Alipomaliza nikamsalimia.

"Jambo mama."

"Jambo sana, binti yangu! Unatoka wapi?"

Ni mtu wa Bukavu, amefanya usafi wa vyumba hapo miaka mingi. Nikamwuliza kuhusu ule mlango wa chuma.

"Ile mlango iko inajifunga," akaniambia. "Ukiingia kwa ngazi, hauwezi kurudi ku kuluari. Unashuka mpaka chini kabisa, unatokea inje, kule kwa mapipa."

Kuluari ni ule ukumbi wa vyumba. Tukaujaribu mlango wote wawili. Mlango ulifunguka kwa kusukuma, ukajifunga nyuma yetu kwa kishindo, na upande wa ndani wa ngazi hauna kitasa hata kimoja, kuna kijisanduku cheusi tu cha kusoma kadi chenye taa nyekundu. Tukashuka hadi chini, na kweli tukatokea uani, kwenye mapipa ya taka. Nikamwona bibi wa miaka 82 akitoka hapo Jumamosi asubuhi amevaa nguo zake za ibada. Meneja alikuwa na majibu mazuri kwa kila swali, lakini jibu la kweli nimelipata kwa mama wa Bukavu. Tangu leo, kila hoteli nitakayoingia nitatafuta kwanza mtu anayefagia ghorofa.

Halafu kuna umbali. Kutoka sehemu ya juu ya Via Veneto hadi Sinagogi Kuu ni kama kilomita mbili na nusu. Kwa baba na vijana si neno. Kwa bibi na mtoto wa miaka sita, kwenye jua la Juni, kwenda na kurudi, na wasiruhusiwe kuita teksi wala kununua maji njiani kwa sababu pesa haishikwi siku hiyo, ni adhabu. Hoteli hii nimeifuta.

Jumatano

Leo nimeacha hoteli, nimekwenda kwanza wanakokwenda wao. Naona ndiyo njia sahihi: jua mahali pa ibada na mahali pa kula, kisha zungushia hoteli hapo.

Sinagogi Kuu iko ukingoni mwa mto Tiber, ilizinduliwa mwaka 1904, na kuba lake ni la mraba. Ukiwa juu ya kilima chochote cha Roma, jiji la makuba ya duara, unalitambua mara moja. Mtaa unaoizunguka ndio Ghetto. Papa Paulo wa IV aliwafungia Wayahudi humo mwaka 1555, kuta na mageti yakifungwa usiku, na kuta hazikubomolewa hadi 1848. Lakini jumuiya yenyewe ni ya zamani kuliko Ukristo hapa mjini; walikuwepo kabla ya Kristo, na hadi leo wana taratibu zao za sala ambazo ni za Kiroma kabisa.

Ulinzi ni mkali. Tarehe 9 Oktoba 1982 watu wenye silaha waliwashambulia waumini waliokuwa wakitoka kusali, wakaua mtoto wa miaka miwili na kujeruhi wengine wengi. Basi mlinzi akikuuliza maswali mlangoni usinune. Shida ni kwamba mgeni huombwa kitambulisho, na watu wangu Jumamosi hawabebi kitu barabarani, hata pasipoti. Nimeongea na ofisi ya jumuiya, nitatuma majina na nakala za pasipoti mapema, na Ijumaa mchana baba atakwenda kujitambulisha kwa sura.

Hili la kutobeba ndilo gumu kuliko yote, na wakala wengi hawalijui. Kule London kuna eruvi, mzunguko wa nguzo na waya uliokamilika mwaka 2003 kaskazini-magharibi mwa jiji, na ndani yake mtu anaweza kubeba vitu na kusukuma kigari siku ya Sabato. Rabi wa familia amewaambia Roma wasisukume kigari siku hiyo. Maana yake mama atabaki hotelini na mtoto mchanga, na pengine bibi pia. Kwa hiyo hoteli lazima iwe na mahali pa kukaa zaidi ya chumba: ua, bustani, kivuli. Na hata ufunguo wa chumba, baba akitoka, unabaki mapokezi.

Chakula kimenifurahisha. Via del Portico d'Ottavia imejaa migahawa ya kosheri, yaani ya chakula kinachoruhusiwa na sheria yao: ya nyama upande huu, ya maziwa upande ule, kwa kuwa viwili hivyo havikutani mezani. Mgahawa mmoja wa nyama unapokea wageni wa Sabato waliolipa kabla ya Ijumaa jioni. Unakuja, unakula, unaondoka bila mtu kugusa pochi. Nimeandika majina manane, Ijumaa usiku na Jumamosi mchana. Mwenye mgahawa alinikalisha akaniletea artichoki ya Kiyahudi, mboga ya majani yaliyobanana, inayokaangwa nzima kwenye mafuta mpaka majani yanafunguka kama ua na kuwa makavu kama chipsi. Ni chakula cha Ghetto tangu zamani. Mwaka 2018 ofisi ya Rabi Mkuu wa Israeli ilisema artichoki nzima haifai, kwa sababu wadudu hujificha kati ya majani na haiwezekani kuwasafisha wote. Wayahudi wa Roma wakakataa: ya kwao imebana, mdudu hapiti, na mama zao wameisafisha hivyo karne kwa karne. Nilimpigia mama wa familia kumwuliza anasimama upande gani. Akasema watamsikiliza rabi wao, ila Juni msimu wa artichoki umeshapita, kwa hiyo Mungu amewaepusha na ugomvi.

Alhamisi

Asubuhi nimekwenda kwenye hoteli iliyokuwa konventi, nyumba ya watawa. Sijawahi kuona mahali pazuri hivi. Ua wa michungwa, kimya, ngazi pana za mawe zisizo na mlango wowote, funguo za chuma za kweli. Kwa dakika kumi nilijua nimemaliza kazi. Kisha wakanionyesha kikanisa kilicho ndani ya jengo lile lile, na chini yake makaburi ya watawa.

Baba wa familia ni Kohen, mzao wa makuhani wa nyumba ya Haruni. Sheria inamtaka asikae chini ya dari moja na wafu, na rabi wao huwataka wajiepushe na makaburi ya mtu yeyote. Vyumbani kulikuwa na misalaba ukutani juu ya vitanda. Hiyo wangeweza kuiondoa kwa wiki moja, na waliniambia hivyo kwa upole. Makaburi hayaondolewi. Nimewashukuru nikatoka, na nakiri imeniuma kuacha ule ua.

Mchana nimeingia hoteli iliyo ndani ya jumba la kale, kati ya Largo Argentina na Piazza Venezia. Ni nyota tano, ndogo, haina ukumbi wa kutisha. Nimemtafuta mfagiaji kwanza. Safari hii alikuwa kijana wa Kifilipino, akanitembeza ngazi zote kwa moyo mkunjufu: kuu, wazi, zenye mkono wa kushikia pande zote mbili, na ghorofa ya kwanza ni ngazi 22. Bibi ataziweza akipumzika katikati.

Kisha nikakaa na meneja na fundi umeme wao, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na huyu fundi ndiye aliyenipa matumaini. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini. Aliuliza vipi. Milango ni ya kadi, lakini kila kitasa kina tundu la ufunguo wa dharura lililofichwa chini ya kifuniko. Alikitoa kifuniko kwa bisibisi, akazungusha ufunguo, mlango ukafunguka bila taa yoyote kuwaka. Watatoa funguo tatu. Taa za ukumbi wa ghorofa ya kwanza atazitoa kwenye sensa, kile kifaa kinachomhisi mtu, zibaki zinawaka kuanzia Ijumaa. Kiyoyozi hufa kadi ikitolewa kwenye kisanduku cha ukutani, na Juni ya Roma si ya kulala bila kiyoyozi, basi ataacha kadi moja humo muda wote. Taa ya friji dogo ataitoa. Mlango wa mbele unajifungua wenyewe mtu akisogea, lakini pembeni kuna mlango wa mbao wa zamani uliofungwa; wataufungua, na bawabu atakaa hapo.

Vyumba ni vitatu vinavyoingiliana. Mama wa familia alikuwa ameniomba, kwa sauti ya chini na kwa kuniamini, kwamba chumba chao kiwe na vitanda viwili vinavyotenganishwa kweli, kila kimoja na shuka lake, si kitanda kimoja kikubwa. Kuna siku za mwezi ambazo mke na mume wanaoshika dini hawalali kitanda kimoja. Nimeinua tandiko mwenyewe nikaangalia: vitanda viwili vilivyounganishwa kwa kamba ya kubana, vinaachana kwa dakika moja. Meneja akaniuliza kama ni wana ndoa wapya. Nikamjibu tu kwamba ndivyo wanavyotaka, na hoteli ya kiwango chake haihitaji kuuliza zaidi. Akanielewa, akaandika.

Mishumaa ndiyo iliyotuchelewesha. Moto wazi chumbani hauruhusiwi, na mimi siwezi kugombana na sheria ya zimamoto katika jengo la mihimili ya mbao. Tumekubaliana meza ya mawe kwenye sebule ndogo ya ghorofa ya kwanza, sinia ya chuma, na mfanyakazi atakayekaa hapo hadi mishumaa iishe yenyewe, maana hakuna atakayeizima. Mama na binti zake watawasha hapo na kukaa hapo.

Ijumaa

Nimeomba kulala hapa leo na kuishi kama mgeni wa Sabato. Karatasi haitoshi.

Asubuhi nimemalizia jikoni. Jiko la hoteli si la kosheri na halitakuwa, na sikutaka mpishi aniahidi miujiza. Kifungua kinywa kitakuwa matunda mazima yasiyoguswa na kisu, maji ya chupa, kahawa nyeusi kwenye vikombe vya karatasi. Mikate, jibini na maziwa vitaletwa kutoka duka la kosheri vikiwa vimefungwa kwa lakiri. Friji moja dogo litakuwa la familia peke yake, lenye ufunguo. Mpishi alisema ana haya kuwapa wageni wa nyota tano vikombe vya karatasi. Nimemwambia kikombe cha karatasi ambacho hakijawahi kuguswa na kitu kina heshima zaidi kwao kuliko kaure yake.

Leo jua limezama saa 12 na robo jioni. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Juni jua la Roma linazama karibu saa 3 kasoro robo usiku, na Sabato haiishi hadi karibu saa 4 usiku siku ya pili, kwa hiyo nimepanga watoto wadogo wale mapema na kulala mchana.

Saa 12 kasoro nikaweka simu kabatini na sikugusa kitu. Ukumbi umewaka sawasawa. Ufunguo umefanya kazi. Usiku nimeingia bafuni, na taa ya kioo ikawaka yenyewe. Hakuna aliyeikumbuka, mimi wala fundi. Kama ningekuwa mama wa familia, ningekaa hadi kesho usiku nikiogopa kuingia bafuni kwangu mwenyewe. Nimelipia usiku mzima kwa ajili ya hiyo taa moja, na haki ya Mungu imestahili.

Jumamosi

Nimeshuka ngazi 22, nimeacha ufunguo mapokezi, nimetoka kwa mlango wa mbao. Kutoka hapo hadi sinagogi nimetembea mwendo wa bibi, nikisimama kila kona: robo saa. Mawe ya barabarani ni yale madogo meusi ya Roma, yana mianya inayomeza ncha ya fimbo, kwa hiyo nimechagua njia ya kupitia Piazza Mattei, penye chemchemi ya kobe, ambako pana mahali pa kukaa.

Mbele ya baadhi ya milango ya Ghetto kuna vijiwe vya shaba vyenye majina ya waliochukuliwa. Tarehe 16 Oktoba 1943, siku ya Jumamosi, Wajerumani walizingira mitaa hii alfajiri. Watu zaidi ya 1,000 wa Roma walipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, na waliorudi ni 16. Mama wa familia aliniambia watoto wakubwa wanajua, wadogo bado. Nimeandika njia mbili kwenye ramani, moja inapita kwenye vijiwe, nyingine haipiti, achague mwenyewe.

Mchana wa Sabato watapata pa kwenda bila tiketi wala gari: daraja la Fabricio, lililojengwa mwaka 62 kabla ya Kristo na bado linavukwa kwa miguu, na kisiwa cha Tiber chenye upepo. Tao la Tito nimeliweka Jumatatu. Ndani yake imechongwa menora, kinara cha taa saba cha Hekalu, ikibebwa na askari wa Kirumi baada ya Yerusalemu kuangushwa mwaka 70. Wayahudi wengi kwa desturi hawapiti chini ya tao hilo, na kiongozi wa watalii nimeshamwambia asiwapitishe.

Usiku, nyota zilipotoka, nikamtafuta fundi. Alikuja na bisibisi, akatoa waya wa sensa ya kioo kwenye vyumba vyote vitatu, akaniita nikajaribu mwenyewe.

Jumapili

Yote yameingia kwenye mkataba, neno kwa neno: funguo tatu, sensa, kiyoyozi, meza ya mishumaa, mlango wa mbao, jina la zamu ya bawabu. Ahadi ya mdomo ya meneja mzuri haina faida kama Ijumaa hiyo yuko likizo. Nimeongeza kwamba kusaini na kulipa kumalizike kabla ya Ijumaa saa 9 alasiri, kwa kuwa hawataandika jina wala kutoa pasipoti baada ya hapo. Kodi ya jiji kwa nyota tano ni euro 10 kwa mtu kwa usiku, watoto chini ya miaka 10 hawalipi; kwao ni watu watano, euro 50 kila usiku, nimeiweka kwenye hesabu ili isiwashtue.

Mama wa familia amesoma kila kipengele, akaniuliza kitu kimoja: saa zile wanaume wako sinagogi, yeye na bibi watakaa wapi na mtoto? Nimempeleka kwa video kwenye ua wa ndani wa jumba, ghorofa ya chini, viti vya mbao, mwarobaini hakuna lakini kuna mlimau mkubwa wenye kivuli hadi mchana. Akasema lipa.

Bosi alikuwa ameshawakatia ndege ya Ijumaa asubuhi, kwa kuwa ni nafuu na jua la Juni linachelewa. Nimekataa. Ndege ikichelewa, mizigo ikipotea, foleni ikiwakamata njiani, wote wanane wanaingia Sabato barabarani. Wanafika Alhamisi mchana, na basi dogo la kuwachukua Fiumicino nimeshaliwekea nafasi, lenye kiti cha mtoto na ngazi fupi ya bibi.